Pikapu ndogo ya haibridi kambini: dalili, chanzo na la kufanya

Ukikaa siku kadhaa barabarani na pikapu ndogo ya haibridi iliyosheheni hema, maji, majiko na magodoro, itafika asubuhi utakayoitazama dashibodi na roho ikakuruka. Haiwaki. Au imekunywa mafuta kuliko ulivyotarajia. Au jana injini ilinguruma mlima mzima hadi abiria wakanyamaza. Nimesafiri hivi mara nyingi, na nimefikia imani moja: dalili nyingi za safarini si ubovu wa gari. Gari ni lile lile lililokuwa likienda vizuri nyumbani. Kilichobadilika ni uzito unaolibebesha, upepo linaokabiliana nao, na umeme unaouchota likiwa limesimama. Chunguza hayo matatu kabla ya kumpigia fundi simu.

Nitatumia Ford Maverick ya haibridi kama kipimo, kwa sababu ndiyo pikapu ndogo ya aina hii inayojulikana zaidi. Ilizinduliwa mwaka 2021 ikiwa na injini ya petroli ya lita 2.5 na mota ya umeme, jumla nguvu farasi 191. Betri yake kubwa ni ya kilowati-saa 1.1 tu. Ishike namba hiyo kichwani, maana ndiyo inayoeleza nusu ya mambo yafuatayo.

Asubuhi gari limekufa, dashibodi giza, hata milango haifunguki

Hii ndiyo dalili inayovuruga safari nyingi, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mtu husema, "Gari lina betri kubwa ya umeme, chaji itaishaje?" Ukweli ni kwamba haibridi ina betri mbili. Kubwa, yenye volti mamia, kazi yake ni kuzungusha mota inayosukuma magurudumu. Ndogo, ya volti 12, ndiyo inayolisha taa, redio, kufuli za milango na kompyuta zote. Unapozima gari, betri kubwa hutengwa na mifumo mingine kwa swichi nzito za ndani, kwa ajili ya usalama. Na ili swichi hizo ziungane tena, zinahitaji umeme wa betri ndogo. Kwa hiyo ndogo ikifa, kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na isikufae kitu.

Nani ameimaliza? Mshukiwa wa kwanza ni friji. Tuchukue friji ya kambini inayovuta ampea 4 kompresa ikizunguka, na kompresa izunguke nusu ya muda. Kwa usiku wa saa 10 hiyo ni ampea-saa 20. Betri ndogo ya ampea-saa 45 imeshapoteza karibu nusu kabla hujaamka, na betri za kawaida za gari hazikuundwa kushushwa kiasi hicho kila usiku. Usiku wa kwanza gari litawaka, wa pili litawaka kwa kusitasita, wa tatu ndio huo.

Mshukiwa wa pili haonekani, na ndiye ninayemkuta mara nyingi friji inapokuwa haina hatia. Kila mlango unapofunguliwa, kompyuta za gari huamka na kukaa macho dakika kadhaa kabla ya kulala tena. Kambini mlango hufunguliwa kwa ajili ya tochi, kisha chumvi, kisha soksi, kisha chaja ya simu. Haba na haba ndiyo inayoikausha. Ufunguo wa kielektroniki nao ukikaa karibu na gari usiku kucha, baadhi ya magari huendelea kuutambua na hayalali sawasawa. Safari moja nilihangaika siku tatu na betri iliyokuwa ikishuka bila friji wala taa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa limetundikwa kwenye kamba ya hema, hatua moja kutoka mlango wa dereva. Nilipouhamishia upande wa pili wa kambi, betri ikatulia.

Wa tatu ni uzee. Betri ya miaka mitano inayojikongoja mjini haitahimili kambi.

Namna ya kujua bila kubahatisha ni kupima. Kidude cha kuonyesha volti kinachochomekwa kwenye soketi ya volti 12 kinatosha. Gari likiwa limepumzika saa chache, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 12 uko ukingoni. Gari likiwashwa usomaji unapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Usipopanda, hapo sasa kuna ubovu wa kweli kwenye kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kuchaji ndogo, na fundi wa haibridi anahitajika.

Ikishakufa, habari njema ni kwamba haibridi ya aina hii haina stata ya kawaida inayodai umeme mwingi. Injini huzungushwa na mota kwa umeme wa betri kubwa. Betri ndogo inatakiwa kuamsha kompyuta na kuunganisha zile swichi tu, kwa hiyo kibusta kidogo cha mkononi (betri ndogo ya kuamshia gari), cha kutosha kwenye begi, kinaliamsha. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Ufanyie mazoezi nyumbani, maana tundu lake katika magari mengi limefunikwa. Unganisha chanya kwanza, kisha hasi kwenye chuma cha bodi kilichooneshwa kwenye kitabu cha gari. Usiguse nyaya zozote za rangi ya machungwa. Hizo ndizo za volti kubwa. Gari likiamka, liache limewaka saa moja au zaidi au endelea na safari, na jioni usirudie kosa lile lile: friji ipewe betri yake ya kujitegemea, inayochajiwa mchana gari likitembea.

Injini inajiwasha yenyewe katikati ya usiku

Si jini na si ubovu. Umeliacha gari katika hali ya READY ili AC au soketi zifanye kazi. Injini imezimwa lakini gari liko macho. Betri kubwa ikishuka hadi kiwango fulani, injini hujiwasha dakika chache, huichaji, hujizima, na hivyo hivyo hadi alfajiri. Ni mpango mzuri sana kwa mtu anayesubiri ndani ya gari mchana kwenye joto. Kwa anayelala, ni jambo la kuogopa.

Naomba usome sehemu hii polepole. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haijui. Wengi hulala nyuma ndani ya kanopi, yaani kifuniko cha bodi ya mizigo, na bomba la ekzosi liko chini yao hapo hapo. Upepo ukigeuka, au gari likiwa limeegeshwa nyuma yake ikielekea ukuta, kichaka au theluji, moshi unarudi ndani. Hatari ya haibridi ni kwamba unalala injini ikiwa kimya ukadhani umezima. Kabla ya kulala tazama dashibodi: neno READY likiwa limewaka, gari halijazimwa. Weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kichwa, ndani ya kanopi au hema la juu ya paa. Na kichwa kikiuma asubuhi kwa watu wawili kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mjadili sababu baadaye.

Kuna kinyume chake pia: uliliacha READY kwa makusudi na likajizima baada ya nusu saa. Magari mengi ya kitufe yana kipimo cha muda kinachozima gari lililosimama bila mtu kuligusa. Tafuta kwenye menyu ya dashibodi.

Soketi za umeme wa nyumbani zinakata kila unapochomeka kitu

Soma namba kwenye soketi kabla ya kuilaumu. Maverick iliyo na soketi hizo hutoa wati 400 kwa jumla. Birika la umeme linataka wati 1,500 na zaidi. Jiko la umeme ni vivyo hivyo. Kukata huko ni inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, kujilinda. Kompyuta, chaja za kamera, feni na betri za drili zinaenda vizuri. Kinachochanganya watu ni friji ndogo iliyoandikwa wati 80 nayo ikakata: kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya umeme huo kwa kufumba na kufumbua. Ichomeke peke yake kwanza, iache itulie, kisha ongeza vingine. Kupika, tumia gesi.

Mafuta yanaisha upesi kuliko ilivyoandikwa

Kwanza hakikisha kweli yanaisha. Jaza tangi hadi bomba likate, tembea, jaza tena hadi likate, gawanya kilomita kwa lita. Makadirio ya dashibodi hubadilika kila unapopanda kilima, usiyategemee kwa siku moja.

Kisha kumbuka haibridi ni mwerevu wa mjini. Kila breki inarudisha umeme kidogo, kila foleni injini inazimwa. Kwenye barabara kuu ya mwendo mmoja hakuna cha kurudisha, na injini inafanya kazi karibu muda wote. Vipimo rasmi vya Marekani vya Maverick ya haibridi ya 2022 vilisema hivyo waziwazi: karibu kilomita 18 kwa lita mjini, karibu 14 barabara kuu. Hayo ni bila hema.

Sasa hema. Nguvu ya upepo unaolizuia gari hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa, upepo unakuzuia kwa karibu nusu zaidi. Pandisha juu ya paa sanduku la hema lenye uso wima kama ukuta, na umezidisha kila kitu. Mimi huanza kwa jaribio moja: tangi zima kwa mwendo wa 90, bila kubadilisha kingine chochote. Kama ulaji umeshuka sana, chanzo ni upepo na tiba ni mguu wako. Kama haujashuka, hamia kwenye upepo wa tairi, breki iliyokwama (baada ya kusimama, rimu moja inakuwa ya moto kuliko nyingine) na uzito. Vyuma vitupu vya paani navyo hula mafuta na kupiga mluzi. Kama hema unalishusha siku za kukaa sehemu moja, shusha na vyuma.

Mlimani injini inanguruma na gari halisongi. Mteremkoni nguvu ya kuzuia inapotea

Dalili mbili, chanzo kimoja: betri ya kilowati-saa 1.1.

Kupanda kwanza. Gia ya haibridi hizi haibadiliki kwa hatua kama gia za kawaida. Unapokanyaga sana, injini hupanda hadi mzunguko unaotoa nguvu na kubaki pale pale, sauti moja, kwa dakika nyingi. Inaudhi masikio lakini ndivyo ilivyoundwa. Kilicho cha kweli zaidi ni kwamba dakika za mwanzo mota ilikuwa ikisaidia, na sasa betri imeshuka, umebaki na injini peke yake. Gari limepungukiwa nguvu kweli. Punguza mwendo mapema kabla mlima haujakushusha wenyewe, kaa njia ya magari ya polepole, na tazama kipimo cha joto. Kikipanda kuelekea nyekundu, zima AC, simama pahala salama, acha injini izunguke bila mzigo ipoe. Ikiwa maji ya kupozea yamepungua, usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Kwa gari lisilo na mzigo, kwenye mlima mfupi, na joto likapanda hivyo hivyo, huo ni ubovu: maji, feni au pampu.

Kushuka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Mwanzo wa mteremko unahisi gari likijizuia lenyewe kwa sababu mota inageuza mwendo kuwa umeme. Piga hesabu: gari na mizigo yake, tuseme kilo 2,200. Betri nzima, hata kama ingekuwa tupu kabisa na isingepotea nishati yoyote njiani, ingejazwa na mteremko wa mita zisizozidi 190 za kimo. Kwa kuwa gari hutumia sehemu tu ya uwezo wa betri, inajaa mapema zaidi. Mlima wa mita 1,000 unakuletea zaidi ya mara tano ya nishati ambayo betri ingeweza kumeza. Ikijaa, kompyuta hutumia injini kuzuia, mngurumo unarudi ghafla ukiwa hujakanyaga mafuta, na sehemu kubwa ya kazi inahamia kwenye breki za kawaida. Dereva anashtuka, anadhani breki zimelegea.

La kufanya ni kuweka gia kwenye L au kubonyeza kitufe cha kusaidia mteremko tangu juu kabisa, si katikati. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe, badala ya kuzigusa mteremko mzima. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikawa laini na kwenda chini, simama sehemu ya tambarare, subiri nusu saa, usimwage maji kwenye diski. Kama pedali bado ni laini baada ya kupoa, safari imeishia hapo hadi breki zikaguliwe.

Onyo la joto la betri, au feni inavuma nyuma ya kiti

Haibridi nyingi hupoza betri kubwa kwa hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu lenye wavu karibu na kiti cha nyuma. Na kiti cha nyuma cha msafiri wa kambi ndipo mablanketi yalipo. Toa mizigo iliyoziba wavu, piga AC kidogo, na safisha kichujio chake cha vumbi ukirudi. Maverick yenyewe hupozwa kwa maji, kwa hiyo kwake onyo hilo si la mablanketi. Litazame kama la fundi.

Magurudumu ya mbele yanazunguka bure ukitoka kambini

Nyasi zina umande, kuna kijimlima kidogo, na pikapu inachimba tu. Haibridi ndogo nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele (Maverick ya haibridi ilipata chaguo la kusukuma yote manne kuanzia modeli ya 2025). Umepakia kilo 400 nyuma ya ekseli, mbele kumekuwa kwepesi, na mlima umepunguza uzito wa mbele zaidi. Watu wengi hujaribu tena na tena kwa hasira na kuipasha gia moto bure.

Geuza gari, kisha panda mlima kwa kurudi nyuma. Kinyumenyume magurudumu ya mbele yako upande wa chini wa mlima, na uzito unayalalia. Ukishindwa, sogeza matangi ya maji kwenye kiti cha nyuma, zima kwa muda kidhibiti cha kuteleza kinachokata nguvu, na punguza upepo wa tairi za mbele kidogo. Kisha ujaze tena kabla ya lami, bila kusahau.

Mkia umelala, usukani mwepesi, wanaokuja wanakuwashia taa

Hujawasha taa kali. Nyuma imeshuka, mbele imeinuka, taa zako zinapiga machoni mwao. Nenda kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usome mzigo unaoruhusiwa. Maverick ni hadi kilo 680 kulingana na gari. Kilo hizo ni za watu pia. Watu wanne wa kilo 75 ni 300. Maji lita 60 ni 60. Hema la paani, kanopi, friji, betri ya ziada, na ghafla huna pa kuweka kuni. Ukivuta trela, uzito unaokandamiza ndoano unahesabiwa humo humo. Vizito vihamie mbele ya ekseli, chini. Springi nene za kuongezea huinua mkia lakini haziongezi kilo zinazoruhusiwa.

Taa ya tairi imewaka asubuhi yenye baridi, inazima saa nne

Upepo wa tairi hushuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto zinazopungua. Pima tairi zikiwa baridi na ujaze kwa kipimo cha gari lililopakiwa. Ikirudi kuwaka kwa tairi moja tu, huenda tairi hiyo ina msumari.

Vumbi limejaa kwenye magodoro ingawa bodi imefungwa

Nyuma ya gari linalotembea hewa huwa na mgandamizo mdogo, na vumbi hufyonzwa kupitia upenyo wa mlango wa bodi, hasa pembe za chini karibu na bawaba. Bandika raba ya kuziba kuuzunguka. Kisha fungua kidirisha cha mbele cha kanopi, kama kipo, ili hewa iingie kwa mbele na kusukuma nje. Watu hufunga kila kitu na vumbi linazidi.

Asubuhi dari ya kanopi inadondosha maji

Mara nyingi si uvujaji. Ni pumzi zenu zilizogusa chuma baridi. Acha madirisha mawili yanayotazamana wazi kwa upana wa vidole viwili, hata kwenye baridi, usipike ndani, na nguo mbichi zilale nje. Kama bado kuna maji, fuata michirizi kwa tochi: ya jasho hutapakaa dari nzima, ya mvua huanzia sehemu moja, mara nyingi kwenye tundu la skrubu ya vyuma vya paa.